Kofia ya Kwanza Hurudi kwa Mwenye Kiua

Mwanangu Zuwena,

Nakusalimu hali uko hapo nyuma ya ukuta, unabishana na mama yako kama birika la umeme liingie begini au lisiingie. Nawasikia nyote wawili. Mimi niko dukani. Umeme umekatika tangu baada ya adhuhuri, mashine zimenyamaza, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi naandika kwa kalamu kwenye karatasi ambayo hakuna mteja anayeisubiri.

Ya mwili na tumbo mama yako ameyamaliza. Baridi ya Arusha, sweta, mafuta ya nazi, usikae na njaa ukadhani ndiyo kuchapa kazi: yote umeambiwa, na mengine umeambiwa hadi umeanza kuyaitikia kabla hayajasemwa. Huko sina la kuongeza. Mimi nataka kuzungumza nawe habari ya fulana. Tumezicheka sana fulana zile, tumezitania mezani, lakini hatujawahi kukaa mimi na wewe tukayasema yaliyotokea. Na kesho unaondoka kwenda kufanya kazi kwa watu wanaotengeneza magemu, tena wamekuita kwa ajili ya mkono wako wa kuchora. Nimeshawaambia watu wote wa mtaa wetu huu wa Chumbageni. Muuza kahawa ameambiwa mpaka siku hizi akiniona anapita upande wa pili wa barabara.

Ilianza na bundi. Ulikuwa umemaliza kidato cha sita, unangoja matokeo, unanisaidia hapa dukani kuchapa kadi za harusi na kunakili vyeti. Mteja akipungua, unaigeukia kompyuta ya pembeni na kufanya mambo yako. Siku moja ukaniita nitazame. Nikaona kijibwana kwenye kioo, ana skafu nyekundu, anaendesha baiskeli katika mtaa wetu huu huu, anapeleka mikate nyumba kwa nyumba. Mlango wa duka langu ulikuwepo. Mbuzi wa jirani alikuwepo, amesimama katikati ya njia kama kawaida yake. Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Nikakuuliza, "Huyu bwana umemchora lini?"

Ukasema, "Mtaa nimechora mimi, baba. Yeye sikumchora."

Ukanieleza. Kuna gemu la zamani, la kabla hujazaliwa, la kampuni ya mbali. Kuna mtu amekaa akilifungua gemu lile kwa ndani na kuchomoa picha zake moja moja: kijibwana amekunja mguu, amenyoosha mguu, ameanguka, ameinuka. Akazipanga zote kwenye ukurasa mmoja mweupe, safi, kama meza ya muuza samaki anayejua kazi yake. Chini ya ukurasa akaandika kwamba zimechorwa na fulani na fulani, yeye amezichomoa tu. Anayetaka azichukue ajifunzie na kuchezea, amtaje, asiziuze. Jina lake la nyumbani hakulitoa. Anajiita jina ambalo kwa Kiswahili, ulisema, ni Bundi.

Nikakwambia, "Zuwena, watu wanamfukuza bundi juu ya paa, wewe unamleta ndani ya kompyuta yangu."

Ulicheka. Lakini mimi kilichonikera hasa hakikuwa bundi. Kilikuwa ni yale maneno uliyoyaweka mbele. Gemu likifunguka, kabla ya muziki, kabla ya baiskeli, mtu anasoma kwamba mpanda baiskeli hakuchorwa na Zuwena, amechorwa na hawa, akachomolewa na yule, na kwamba gemu hili ni la kujifunzia na haliuzwi. Nikakuuliza ni mwenyeji gani anayefanya hivyo. Mgeni hajatia mkono kwenye sinia, unamwambia wali kapika jirani.

Ukasema, "Na kama kapika jirani, baba, nisemeje?"

Nikaleta hoja yangu nyingine, na nilijiona nina akili sana siku ile. Nikasema huyo Bundi mwenyewe kavunja mlango wa watu akatoa vitu. Mwizi gani anayeomba ashukuriwe? Hukukasirika. Ulisema, "Ndiyo maana anawataja wachoraji kwanza, yeye anakuja chini yao. Hasemi ni zake. Mimi sheria siijui yote, baba. Ninayoijua ni adabu." Halafu mteja akaingia na vyeti vyake, na mimi nikaona nimeshinda kwa sababu wewe uligeuka kumhudumia.

Sasa nikwambie jambo ambalo hukuwa unalijua. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa najifunza kazi kwa fundi wa mabango, kule Ngamiani. Nilichora ndimu mbili na bilauri kwenye ukuta wa duka la sharubati. Nilizichora kwa siku nyingi, tone la maji juu ya ganda lilinipa taabu, nikalipata. Fundi alikuja jioni na brashi nyembamba akaandika jina lake pembeni. Hakunidhulumu kwa desturi ya wakati ule. Mteja alikuwa wake na rangi ilikuwa yake. Lakini kila nilipopita pale nilitazama lile jina kabla ya kutazama ndimu. Ukuta ulikuja kupakwa chokaa, na namshukuru aliyeupaka. Kwa hiyo ulipozaliwa, ukaanza kuchora hata kwenye unga wa mama yako, mimi niliapa moyoni kwamba jina la mtoto huyu litaandikwa, tena kubwa. Sikuapa kuuliza litaandikwa juu ya nini.

Wakaja wale vijana wa kupeleka mizigo kwa baiskeli, wakiongozwa na Shaibu, wanataka fulana za kikundi. Wakasema, mzee tuwekee picha nzuri ya baiskeli. Wewe siku hiyo ulikuwa umekwenda sokoni na mama yako. Nikaifungua kompyuta yako, nikamtoa kijibwana mwenye skafu, nikamkuza, nikafuta maneno ya chini. Mahali pa maneno nikaandika kwa herufi zangu bora: Kazi ya Zuwena, Binti wa Chumbageni. Nilikuwa na furaha, mwanangu. Nilifanya kosa lile huku naimba.

Uliporudi ulimkuta Shaibu barabarani ameivaa. Uliingia dukani ukasimama mbele ya meza. Nilikuwa nimekuwekea moja, nimeikunja vizuri, nangoja ushangilie. Ukaikunjua, ukaisoma, ukaikunja tena. Kisha ukasema, "Baba, umenivisha nguo ya mtu." Hukupaza sauti. Ningependa ungepaza, maana kelele za watoto wangu nazijua namna ya kuzijibu.

Nikajitetea. Nikasema duka hili limesimama kwa kunakili. Maua ya kadi za harusi yametoka wapi? Pindo za kanga tunazoziweka kwenye mabango, nani amewahi kuja kudai? Mtandao ni bahari, nikasema, na samaki wa baharini hana mwenyewe.

Ukanijibu, "Aliyekwisha kuvuliwa, akaparwa magamba, akapangwa mezani, ana mwenyewe, baba. Na huyu mwenyewe alituomba jambo moja tu la kuandika na jambo moja la kutofanya. Tumefuta la kwanza na tumefanya la pili."

Nikasema nguo ya kuazima haisitiri matako, nikitaka ucheke. Mama yako alicheka. Wewe hukucheka.

Yaliyofuata unayajua, ila hujui nilivyoyaona mimi. Wale vijana walipiga picha wamevaa fulana, picha ikaenda kwenye makundi ya simu, ikapanda mpaka Arusha. Na Arusha ndiko ulikokuwa umepeleka gemu lako kwa wale watengenezaji, wakikuangalia kama unafaa kuchukuliwa. Nilikuwepo ujumbe wao ulipoingia. Ulinisomea mwenyewe. Walisema wameona fulana, na imeandikwa mpanda baiskeli ni kazi yako, na kwenye gemu umeandika si yako. Wakauliza lipi ni kweli.

Nilijua pale pale kwamba nimekuchomea nafasi. Miaka yote ya kuchora pembeni ya daftari, macho yako kuumia kwa kioo kile kibovu, na mimi nimeiweka rehani kwa ajili ya mstari mmoja wa sifa. Nikakwambia, "Waandikie ni baba yako, mzee hajui mambo haya." Ulikuwa na haki ya kuandika hivyo, na ilikuwa kweli tupu.

Uliandika mbele yangu. Ukasema mpanda baiskeli si wako, ukawataja wachoraji, ukamtaja Bundi. Ukasema kosa limetoka nyumbani kwetu na sisi wenyewe tunalirekebisha. Nyumbani kwetu, uliandika. Hukusema kwa baba. Nilitoka nje nikasimama karibu na yule mbuzi kwa muda, kwa kuwa sikutaka unione uso. Nimepata vitu kadhaa vya kujivunia duniani, Zuwena, lakini neno lile moja nimelivaa mpaka leo.

Wao hawakujibu upesi, na tulikaa na ukimya wao. Katika ukimya ule ukamwandikia Bundi. Nilikwambia huyo wa nini, hata hajui Tanga iko wapi, hataziona fulana za Shaibu mpaka dunia iishe. Ukasema kutoonwa si ruhusa. Ukamweleza kila kitu, ukamwomba radhi, ukauliza kama fulana zilizokwisha kuuzwa zinaweza kubaki tukirudisha jina lake.

Jibu lake ulinitafsiria polepole. Alishukuru kwa kuambiwa, akasema watu wengi huchukua wakapotea. Kisha akasema jambo ambalo mimi nilidhani hatalisema: kwamba hana uwezo wa kuturuhusu kuuza, kwa kuwa picha si zake. Yeye alichomoa tu. Ile kampuni imenunuliwa na nyingine, wachoraji wengine ni wazee sasa, na kulitaja jina la mtu si sawa na kumwomba. Hapo ndipo nilipoelewa, na nakiri nilichelewa. Nilikuwa nadhani ugomvi wetu ni wa jina: litolewe au liwekwe. Kumbe kutaja ni jambo moja na kuomba ni jambo jingine, na mtu anaweza kulifanya moja kwa uaminifu wote na bado akawa hajalifanya la pili.

Nikaenda kuzikusanya fulana. Hiyo sehemu naipenda kuikumbuka sasa, ingawa siku ile niliona haya. Shaibu alikataa kata kata.

"Mzee, hii nimeilipia."

"Najua. Nakupa nyingine."

"Hii imenikaa. Hata mke wangu kaisifu."

"Shaibu, huyo kwenye kifua chako si wangu kukuuzia."

Akajitazama kifuani. "Ni wa nani?"

Nikaanza kumweleza. Nikafika kwa Bundi. Alipolisikia jina, mwanangu, aliivua palepale barabarani, akanipa, akatema mate pembeni. Sikumwambia kwamba ni jina la utani tu. Nilihitaji ile fulana. Wengine walirudisha kwa taabu, mmoja hakurudisha kabisa, alishahamia Korogwe nayo, na huko ipo mpaka leo na uongo wangu umeandikwa juu yake kwa herufi nzuri. Nilimwambia Bundi hilo pia, kupitia kwako. Akajibu kwa alama ya kucheka.

Ukamtoa kijibwana kwenye gemu. Uliamua mwenyewe, hakuna aliyekulazimisha, maana kwa kujifunza ungeweza kumwacha. Ukaanza upya kutoka mguu wa kwanza. Mpanda baiskeli mpya akawa bibi kizee mwenye kanga kiunoni, amebeba kofia za kuuza kwenye kapu, na kuta za mitaa ukataka ziwe na mapambo ya kofia za bibi yako Raya, yale matundu madogo madogo aliyokuwa akiyazungushia uzi mpaka kofia nzima ikawa viua vitupu. Ukaniambia twende kwake, Mwera.

Nikakuuliza kufanya nini. Yule ni mama yangu mzazi, kofia zake zimejaa kabatini, mimi mwenyewe navaa moja kila Ijumaa. Kiua ni cha nyumbani. Ukasema, "Twende, baba," na mimi wakati ule nilikuwa nimeshajifunza kunyamaza kidogo.

Nakumbuka ulivyopiga goti ukasema shikamoo, naye akaitika marahaba huku anakupapasa uso, maana macho yake sasa hayamwambii mengi. Ukamweleza kwa upole kwamba unataka kuviweka viua vyake kwenye mchezo wa simu, watu wengi wataviona, na pengine siku moja mchezo utauzwa. Unamwomba ruhusa. Mimi nilikuwa tayari nimeshikilia glasi ya chai, najua jibu.

"Wangu mjukuu," akasema mama, "ningekupa, lakini hicho si changu mie. Mie n'lipewa."

Nikaiweka glasi chini. Katika umri wangu wote sikuwahi kusikia habari hiyo, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Akatusimulia jinsi walivyokuwa wakishona kule Pemba, yeye na shoga yake Mwanakombo, kabla ya kuvuka kuja huku. Kiua kile alikibuni Mwanakombo. Na wao wanawake wa baraza lile walikuwa na desturi yao. Ukikipenda kiua cha mwenzio unakiomba, hukosi kupewa kwa kuwa hakuna anayekataa kutoa, lakini kofia ya kwanza unayoishona hurudi kwa mwenye kiua. Anaishika, anaitazama mshono kwa mshono. Akisema "haya," unaendelea na kushona zote utakazo. Asiposema haya, unafumua.

"Na asiyerudisha?" ukauliza.

"Anashona," mama akasema, "nani atamzuia? Ila akija barazani hatusogei kumpisha pa kukaa."

Mwanakombo amekwishatangulia mbele ya haki. Nikadhani mambo yameishia hapo. Wewe ukauliza kama aliacha mtoto. Ndipo tukajikuta Maramba, kwa binti yake, Bi Saumu, tukimkuta shambani kwake anapalilia mahindi, anatutazama kama watu waliopotea njia. Mimi ndiye niliyemweleza. Nilitaka kuwa mimi. Nikasema mama yako alibuni kiua, mama yangu akakipokea, binti yangu anakitaka, tumekuja kukuomba.

Bi Saumu alikaa kwenye tuta. Akasema hajawahi kuulizwa na mtu habari ya mama yake tangu siku ya maziko. Akalia, akafuta uso kwa pindo la kanga yenye udongo, akabaki na michirizi, akacheka mwenyewe. Akasema, "Kichukue. Muandike mama jina lake. Na kofia ya kwanza irudi, ati, nisikusikie umepitiliza."

Ukakaa miezi ukichora. Nilikuwa nikikuona unavyoinua mguu wa yule bibi kizee, unaushusha, unaufuta, na moyoni nasema huyu amerithi ndimu zangu. Gemu lilipokamilika, mama yako alitaka alione, mimi nilitaka nilione, na wale wa Arusha walikuwa wamekwisha kuandika kwamba jibu lako la mwanzo liliwatosha na wangependa kuona ulichochora kwa mkono wako mwenyewe. Kila mtu anangoja. Wewe ukachukua simu ukaenda Maramba kwanza.

Nilifuatana nawe, kwa hiyo mimi ni shahidi. Bi Saumu aliishika simu kwa mikono miwili. Alimwangusha bibi kizee mtaroni mara nyingi kuliko nitakavyosema hapa. Alipofika kwenye ukuta wenye viua akasimama, akaisogeza simu karibu na macho, akahesabu matundu kwa ukucha. Halafu akasema, "Haya."

Hapo ndipo ulipowapelekea Arusha. Yaliyobaki unayajua. Begi liko mlangoni.

Mwanangu, sitaki kukupa orodha ya mambo ya kufanya. Wewe ndiye uliyenifundisha haya, si mimi. Nataka tu ujue kwamba huko uendako utakutana na watu kama mimi. Hawatakuwa wabaya. Watakuwa na furaha, wana haraka, wanaimba huku wanafuta maneno ya chini. Watakuambia picha imetoka mtandaoni, kama vile mtandaoni ni mahali ambapo hakuna mtu anayekaa. Usiwachukie. Waambie kama ulivyoniambia mimi, kwa sauti ile ile, kisha wape muda wa kwenda kusimama karibu na mbuzi.

Na siku moja utakuta kazi yako kwenye kifua cha mtu usiyemjua, jina lako limefutwa. Itauma. Najua inavyouma, nimepita mbele ya ndimu zangu miaka. Muulize kwanza bila tusi, kama Bundi alivyotujibu sisi. Pengine naye ana baba.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa ukali kidogo. Kulipa jina la mwenzio haki yake kusikufanye ulimeze la kwako. Ulipoandika maneno ya mbele ya gemu jipya, niliona umemtaja Mwanakombo wa Pemba, umemtaja bibi yako aliyekitunza kiua, umemtaja Bi Saumu aliyeruhusu, umemshukuru hata Bundi kwa kuwa ulijifunza kwake namna mguu unavyopanda na kushuka. Wewe ulijiweka mwisho, kwa herufi ndogo zaidi ya zote. Mama yako aliona ni unyenyekevu. Mimi naona umejipunja. Bibi kizee yule umemchora wewe, Zuwena, kila ukunjo wa kanga yake, na mtu akikuuliza ni wa nani, inua kichwa useme ni wangu. Nakuomba uzikuze zile herufi. Nakuomba tu, sizigusi.

Mimi najivunia. Kama karatasi ingekuwa na nafasi ningeliandika neno hilo tena na tena. Nilitaka jina lako liandikwe kubwa, nikadhani kazi yangu ni kuliandika. Wewe ukaenda ukalitengeneza jina ambalo watu wa Arusha waliliamini kabla hawajauona uso wako, kwa sababu ulisema "si yangu" mahali ambapo kusema "ni yangu" kungekuwa rahisi.

Sasa nimalizie, mwanga unapungua na mama yako ameshinda: nasikia birika linaingia begini.

Asubuhi, kabla umeme haujakatika, nimechapa fulana. Moja tu. Ni yule bibi kizee wako juu ya baiskeli, na nyuma yake ukuta wenye viua. Chini nimeyaweka majina yote kwa mpangilio wako, ila la kwako nimelilinganisha na mengine. Ukitaka nilirudishe dogo, sema. Jina langu halimo. Mimi nimechapa tu.

Sijaivaa, na hakuna aliyeiona, hata mama yako. Nitaiweka juu ya begi lako pamoja na karatasi hii. Itazame mshono kwa mshono. Ukisema haya, kesho nitaivaa stendi, nisimame nayo mpaka basi lipotee. Usiposema, nitavaa kanzu yangu ya siku zote, na nitakupungia mkono vilevile.

Nangoja jibu lako hapa dukani.

Baba yako